Bodelschwingh: Mchungaji wa Bethel ambaye mkono wake umebaki Usambara

Na Mwandishi Wetu

JINA la Friedrich von Bodelschwingh ni gumu kutamkwa na wengi wetu, lakini kwa Walutheri wa Mlalo, Vuga, Bumbuli na Lushoto mjini si jina geni. Huyu ndiye mchungaji wa Kijerumani ambaye, akiwa kwao Bielefeld, alisimamia kutumwa kwa wamisionari waliopanda milima ya Usambara kuanzia mwaka 1891.

Jambo lisilozungumzwa sana ni kwamba mzee huyo aliacha katika milima hiyo kitu kingine mbali na makanisa na shule. Aliacha namna ya kuishi na wagonjwa wa akili na kuwahudumia kwa pamoja, ambayo wataalamu wa leo wangeiweka jirani kabisa na kile wanachokiita tiba ya kikundi.

Tiba ya kikundi, kwa msomaji ambaye hajakutana nayo, ni ile ambayo watu kadhaa wenye matatizo ya akili au ya moyo, aghalabu saba au wanane, hukutana mara kwa mara mbele ya kiongozi aliyefunzwa. Hawaponywi na kiongozi peke yake. Huponyana wao kwa wao, kwa kusikilizana, kukosoana na kugundua kwamba tatizo ambalo kila mmoja alidhani ni lake peke yake, mwenzake analo pia.

Bodelschwingh hakupata kulisikia jina hilo. Hakuwa daktari wala mwanasaikolojia. Hata hivyo, swali linalowasumbua viongozi wa vikundi hivyo hadi leo ndilo alilopambana nalo kwa karibu miaka arobaini: mtu anayeongoza kundi la wagonjwa awe nani kwao?

Alizaliwa Machi 6, 1831, huko Tecklenburg, katika jimbo la Westphalia. Baba yake, Ernst, alikuwa waziri katika serikali ya Prusia, na kwa sababu hiyo mtoto Friedrich alipata kucheza na mwana wa mfalme ambaye baadaye alikuja kuwa Kaisari Friedrich wa Tatu. Urafiki huo wa utotoni ulimfaa alipokuwa mtu mzima, kwani hakuona aibu kubisha hodi kwenye milango ya wakubwa kuwaombea fedha watu wake.

Awali hakukusudia kuwa mchungaji. Alisomea kilimo na kusimamia shamba kubwa huko Pomerania, ambako aliwaona vibarua walivyoishi. Kijitabu kimoja cha kimisionari kuhusu mtoto wa Kichina kilimgeuza mawazo, akaacha shamba na kwenda kusoma theolojia. Mwaka 1858 alipelekwa Paris kuwahudumia Wajerumani maskini waliokuwa wakifagia mitaa ya jiji hilo. Mwaka 1864 alirudi nyumbani na kupewa usharika wa kijijini wa Dellwig.

Hapo Dellwig ndipo maisha yake yalipokatika vipande viwili. Januari 1869, katika muda wa takriban wiki mbili, yeye na mkewe Ida walizika watoto wao wote wanne, waliokufa kwa maradhi ya koo na kifua yaliyokuwa yakiwamaliza watoto wa Ulaya wakati huo. Baadaye Mungu aliwajalia watoto wengine wanne, lakini wanaomfahamu kupitia maandiko wanakubaliana kwamba msiba ule ndio uliomfanya awe mtu anayeweza kukaa na mgonjwa asiye na matumaini bila ya kukimbilia kumpa maneno ya faraja.

Mwaka 1872 alikabidhiwa kituo kidogo cha wagonjwa wa kifafa nje ya mji wa Bielefeld, ambacho kilikuwa kimeanzishwa mwaka 1867. Kituo hicho ndicho kilichokuja kuitwa Bethel.

Ni vyema kukumbuka hali ya kifafa kwa wakati huo. Dawa pekee iliyokuwa na nguvu kidogo ilikuwa bromidi, iliyoanza kutumika mwaka 1857, nayo iliwaacha wengi wakiwa wazito na wenye usingizi. Mgonjwa alifukuzwa shule, akanyimwa kazi, akafichwa na ndugu zake. Hofu hiyo tunaijua hata huku kwetu, ambako hadi leo wapo wanaoogopa kumgusa mtu aliyeanguka kifafa.

Kwa kuwa tiba ya dawa ilikuwa haba, Bodelschwingh aliweka uzito wake kwenye mambo mengine mawili, yaani nyumba na kazi. Hakutaka jengo moja kubwa lenye mabweni marefu na wasimamizi wenye funguo kiunoni, kama zilivyokuwa hospitali nyingi za vichaa za Ulaya. Bethel ikakua kama kijiji cha nyumba nyingi zenye majina ya Biblia, kila nyumba ikiwa na baba na mama wa nyumba, ambao kwa kawaida walikuwa mume na mke, waliokaa chini ya paa moja na wagonjwa.

Kila nyumba ilikuwa na kazi yake. Palikuwa na useremala, ushonaji, uokaji wa mikate, bustani na mashamba. Aliyeweza saa mbili alifanya saa mbili, na aliyeanguka kazini aliinuliwa na mwenzake wa benchi la pili. Hapo ndipo ilipo siri ya mpango wote, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya. Mgonjwa aliyezoea kuhudumiwa na kila mtu alijikuta, pengine kwa mara ya kwanza maishani, yeye ndiye anayemhudumia mtu.

Wakuu wa nyumba hizo nao hawakuwa madaktari. Wanawake walitoka katika nyumba ya mashemasi wa kike ya Sarepta, iliyokuwapo tangu mwaka 1869, na wanaume walitoka Nazareth, shule ya ndugu mashemasi iliyoanzishwa mwaka 1877. Mafunzo yao hayakuishia darasani. Waliingia katika nyumba zile, wakala, wakalala na kufanya kazi pamoja na wagonjwa.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro yake, na si ndogo. Baba wa nyumba alikuwa baba kwelikweli. Yeye ndiye aliyeamua, naye mgonjwa, hata awe na miaka hamsini, aliwekwa katika nafasi ya mtoto. Sala, kazi na utii vilikwenda pamoja. Hakuna kikao ambacho mgonjwa aliulizwa nyumba iendeshwe vipi, wala pahali palipotengwa ili aeleze yaliyomjaa moyoni mbele ya wenzake na kujibiwa nao. Kundi lilikuwapo, lakini sauti ilikuwa ya mtu mmoja.

Bodelschwingh alikuwa na haraka ya kufanya mambo. Mwaka 1882 alianzisha Wilhelmsdorf, kijiji cha kazi kwa watu wasio na ajira waliokuwa wakitangatanga barabarani, na mfano huo ukaigwa sehemu nyingi za Ujerumani. Mwaka 1903, akiwa na umri wa miaka zaidi ya 70, aliingia katika Bunge la Prusia, na mwaka 1907 ikapitishwa sheria ya vituo vya kazi kwa watu hao aliyokuwa ameipigania. Mwaka 1908 Bethel ilikuwa imekuwa kubwa kiasi cha kuwa na noti zake yenyewe za kununulia bidhaa ndani ya kijiji.

Usambara iliingia katika maisha yake mwaka 1890. Chama cha misheni kilichokuwa kimeanzishwa Berlin mwaka 1886, na watu ambao baadhi yao walipenda ukoloni kuliko Injili, kilikuwa kimekwama. Bodelschwingh alikiokoa kwa kukipa watu na fedha, na mwaka uliofuata wamisionari Ernst Johanssen na Paul Wohlrab wakafungua kituo Mlalo. Vikafuata Mtae, ambacho nacho kilipewa jina la Bethel, kisha Vuga mwaka 1895 na Bumbuli mwaka 1899. Mwaka 1906 makao ya chama yalihamishiwa Bielefeld. Yeye mwenyewe hakupata kuiona milima hiyo.

Katika vituo hivyo, kisa cha Lutindi ndicho kinachotuhusu zaidi. Kipo katika milima ya Usambara kwa upande wa Korogwe, na kilianzishwa mwaka 1896 na chama cha Kiprotestanti cha kupinga utumwa, ili kiwe makao ya watoto waliokombolewa kutoka mikononi mwa wafanyabiashara ya watumwa. Walioletwa kukiendesha walitoka kwa Bodelschwingh. Watoto hao walipozidi kupungua, kituo kilibadilishwa kazi, na kufikia mwaka 1905 kilikuwa kikipokea wagonjwa wa akili. Mathari ya Nairobi ilianza kuwapokea mwaka 1910, na Mirembe ya Dodoma ilijengwa mwaka 1927. Lutindi ilizitangulia zote mbili.

Mpango ulikuwa ule ule wa Bethel: mashemasi waliokaa na wagonjwa, nyumba, bustani, shamba, sala ya asubuhi. Lakini ardhi haikuwa ile ile.

Wasambaa hawakuwa wakingoja kufundishwa kwamba ugonjwa ni jambo la watu wengi. Kwao mtu alipougua, walioketi kushauriana walikuwa ndugu zake. Wao ndio walioamua aitwe mganga yupi, alipwe nini, na lini aachwe na kutafutwa mwingine. Hata utawala ulipimwa kwa lugha ya uponyaji, kwani mfalme mwenye nguvu alisemwa kuwa anaiponya nchi, kuzifya shi, na nchi ilipoharibika, kubana shi, lawama ilikuwa yake. Mgonjwa alikuwa ndani ya kundi kabla ya mmisionari wa kwanza kufika Mlalo.

Lutindi, kwa hiyo, ilitoa kundi moja na kuweka jingine. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwapo waliopelekwa na serikali ya kikoloni kutoka mbali, hata mwambao, wakaishi miongoni mwa wasio ndugu zao na chini ya baba wa nyumba aliyezaliwa Ujerumani. Kwa wale ambao ukoo ulikuwa umewatupa, huenda nyumba hiyo ilikuwa kimbilio. Kwa wengine ilikuwa ni kutengwa. Isitoshe, mafundisho ya kazi yalikuwa na masikio mengi yaliyoyapenda Usambara wakati huo, maana walowezi wa mashamba ya kahawa walikuwa wakilia kila siku kwamba hawana vibarua. Kazi inayomrudishia mgonjwa heshima yake na kazi inayomnufaisha mwenye shamba hufanana sana kwa macho, na anayeongoza ndiye anayejua ipi ni ipi.

Mwaka huo huo wa 1905, mbali kabisa na Usambara, daktari Joseph Pratt wa Boston, Marekani, alianza kuwakusanya wagonjwa maskini wa kifua kikuu kila wiki ili kuwafundisha namna ya kujitunza. Aliona kwamba walichopeana wenyewe kwa wenyewe kilizidi somo lake. Wengi huhesabu mikutano hiyo kuwa mwanzo wa tiba ya kikundi.

Nadharia yake ilikomaa katika Vita Kuu ya Pili, kwenye hospitali ya kijeshi ya Northfield karibu na Birmingham, Uingereza. Mmoja wa madaktari wa hapo alikuwa S. H. Foulkes, aliyeikimbia Ujerumani ya Hitler mwaka 1933. Foulkes alimfananisha kiongozi wa kikundi na mwongozaji wa okestra, ambaye hapigi ala yoyote bali huwawezesha wapigaji kusikizana. Kiongozi wa namna hiyo hunyamaza kuliko anavyosema. Akiulizwa swali, mara nyingi hulirudisha kwa kikundi. Hulinda muda, mahali na siri za waliomo, na humzuia mmoja asiwameze wenzake. Kazi yake ngumu kuliko zote ni kukataa kuwa baba, kwa sababu wagonjwa wenyewe watamtaka awe baba.

Hapa ndipo mzee wa Bethel na wataalamu wa baadaye wanapoachana. Yeye aliamini mgonjwa anahitaji baba. Wao walisema anahitaji wenzake.

Katika jambo moja, hata hivyo, Afrika Mashariki imempa haki. Mwaka 2002, katika vijiji vya Masaka na Rakai nchini Uganda, watafiti waliwapima watu wenye sonona waliotibiwa kwa vikundi. Walioviongoza hawakuwa madaktari bali wenyeji waliopata mafunzo ya wiki mbili, na vikundi vilikutana dakika 90 kila wiki kwa wiki 16. Wanakikundi walipata nafuu kubwa kuliko wenzao wasiopata huduma hiyo. Bodelschwingh, aliyewakabidhi mashemasi nyumba nzima za wagonjwa, asingeshangaa.

Alifariki dunia Aprili 2, 1910, huko Bethel, zaidi ya miaka 15 baada ya mkewe. Mwanawe Gustav alipata kufanya umisheni Afrika Mashariki, na aliporudi Ujerumani akasifika kwa kuwahimiza watu maskini kujijengea nyumba za udongo. Mwana mwingine, aliyeitwa Friedrich kama baba yake, alirithi uongozi wa Bethel na mwaka 1940 alikuwa miongoni mwa waliokataa kuwatoa wagonjwa wao serikali ya Hitler ilipokuwa ikiwaua watu wenye ulemavu wa akili, ingawa hakuweza kuwanusuru wagonjwa wa Kiyahudi waliochukuliwa mwaka huo huo.

Lutindi ingalipo, sasa ikiwa hospitali ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki ya KKKT, yenye makao yake Lushoto. Wagonjwa wake hupata dawa ambazo Bodelschwingh hakuzijua. Wanaoweza hutoka kwenda kazini, wengine kwenye chai na kahawa, wengine kwenye ufumaji na ushonaji.