Segond: Mpasuaji aliyeng'amua siri ya goti kabla ya eksirei

Mwanakabumbu wa Kariobangi anapoteguka goti na kupigwa eksirei, huenda picha ikaonyesha kibanzi chembamba cha mfupa kilichobanduka upande wa nje, juu ya mundi. Asiyejua hukidharau kwa udogo wake, kijana akarudi uwanjani.

Kibanzi hicho kina jina la Paul Segond, mpasuaji Mfaransa aliyezaliwa 1851 na kufariki 1912.

Mnamo 1879, miaka 16 kabla ya Röntgen kugundua eksirei, Segond aliyapinda kwa nguvu magoti ya maiti, kisha akayapasua ili aone kilichokatika. Hakuwa na njia nyingine. Goti likiwa limekunjwa na mguu kuzungushwa kwa ndani, kano iling'oa kipande cha mfupa.

Baadaye alihudumu katika hospitali ya Salpêtrière, Paris, akavuma zaidi kwa upasuaji wa wanawake.

Thamani ya kibanzi ilidhihirika miongo mingi baada ya kifo chake: ni nadra kionekane bila kano msalaba ya mbele kukatika, na mara nyingi gegedu nalo huwa limechanika. Majeraha hayo huonekana kwa MRI. Ajabu ni kwamba mtambo huo ghali wakati mwingine hukikosa kibanzi chenyewe, ambacho eksirei ya kawaida hukifichua.