Stewart Gore-Browne: alipima mpaka wa Katanga, kisha akajenga jumba la Kiingereza katika nchi ya Wabemba

Malori yanayopanga foleni Kasumbalesa, karibu kilometa 90 kutoka Lubumbashi, yanangoja kuvuka mstari uliopimwa na kuwekewa nguzo kati ya mwaka wa 1911 na 1914. Kazi hiyo ilifanywa na tume ya Wabelgiji na Waingereza. Miongoni mwa maofisa wa Uingereza alikuwamo kijana wa jeshi la mizinga, Stewart Gore-Browne, aliyezaliwa London tarehe 3 Mei 1883.

Tume ilifuata mgongo wa nchi: upande ambao maji yanateremkia mto Congo ukawa wa Ubelgiji, na upande wa maji ya Zambezi ukawa wa Uingereza. Walamba wakajikuta wamegawanyika, ndugu huku na ndugu kule. Shaba nayo ikabaki pande zote mbili.

Kazi ilipokwisha mwaka wa 1914, akiwa njiani kurudi kwao, Gore-Browne alifika kwenye ziwa dogo kaskazini mwa Zambia ya leo. Wabemba waliliita Shiwa Ng'andu, ziwa la mamba. Akaamua kwamba hapo ndipo atakapoishi. Kwanza alikwenda kupigana Ufaransa katika Vita Kuu, na mwaka wa 1920 akarudi, akanunua eka 10,000, yaani kama hekta 4,000.

Alichotaka kujenga hapo ni jumba kama yale ya matajiri wa vijijini Uingereza. Mfano aliokuwa nao kichwani ni Brooklands, nyumba ya shangazi yake Ethel Locke King, mwanamke aliyempenda sana na aliyemtumia fedha kwa miaka mingi. Matofali na vigae vilifinyangwa na kuchomwa palepale. Vitu vingine vilishushwa kwenye reli ya Ndola, reli ileile iliyofika Lubumbashi mwaka wa 1910, kisha vikabebwa na wapagazi na kupitishwa kwa mitumbwi katika vinamasi vya Bangweulu. Safari hiyo ilichukua wiki kadhaa. Jumba likapata mnara, kanisa dogo na maktaba; nje kukawa na bustani za ngazi ngazi, maua ya waridi na njia ndefu iliyopandwa mikaratusi. Jioni bwana huyo alivaa rasmi kwenda mezani, porini kabisa.

Jasho lilikuwa la Wabemba. Aliwajengea wafanyakazi nyumba, shule na zahanati, lakini pia aliwapiga kwa fimbo hasira ilipompanda. Walimwita Chipembele, yaani kifaru, na mtu haitwi hivyo kwa upole wake.

Shamba lilitegemea mafuta ya manukato yaliyotolewa kwenye michungwa na milimau. Faida haikuwa ya kutosha, na baadaye ugonjwa wa virusi ukaiua miti hiyo. Ndoa nayo haikudumu: mwaka wa 1927 alimwoa Lorna Goldman, msichana mdogo kwake kwa miaka mingi, binti wa mwanamke aliyewahi kumpenda ujanani. Walipata mabinti wawili, wakaachana mwaka wa 1950.

Wengine wangemkumbuka kwa jumba tu, kama si siasa. Aliingia baraza la kutunga sheria la Rhodesia ya Kaskazini mwaka wa 1935, na kuanzia 1938 akawa msemaji wa masilahi ya Waafrika, wakati ambapo wao wenyewe hawakuruhusiwa kukaa humo. Mapendekezo yake ya mwaka wa 1948 juu ya utawala wa nchi yaliwafanya Waafrika wengi wamshuku, na mwaka wa 1951 akaacha kiti. Hata hivyo hakukaa mbali. Aliungana na UNIP, chama cha Kenneth Kaunda, ambaye alizaliwa Lubwa, upande wa Chinsali, si mbali na Shiwa Ng'andu. Mwaka wa 1962 aligombea ubunge kwa tiketi ya chama hicho, akashindwa. Wazungu wengi walimwona msaliti.

Alifariki tarehe 4 Agosti 1967, miaka mitatu baada ya uhuru wa Zambia. Serikali ilimpa mazishi ya kitaifa, heshima ambayo hakuna Mzungu mwingine aliyekuwa ameipata nchini humo, na Kaunda mwenyewe akamwaga kwa hotuba. Kaburi lake liko juu ya kilima kinachotazama ziwa. Jumba lilichakaa kwa miaka mingi kabla wajukuu wake hawajalitengeneza upya, na sasa wageni hulipa ili kulala humo.