Philip Ndegwa na Swali la Mgao

Kila mwaka ninapoanza kufundisha uchumi hapa Embu, huwaomba wanafunzi wanitajie mwanauchumi mmoja. Hutajwa Adam Smith, hutajwa Keynes. Hayati Philip Ndegwa hatajwi, ilhali alizaliwa Kirinyaga, enzi ambapo Kirinyaga ilikuwa sehemu ya Wilaya ya Embu. Naona ni wajibu wangu kumkumbuka.

Katika ujana wake, kutoka Embu hadi Meru hapakuwa na chuo kikuu hata kimoja. Ndegwa alisoma Makerere, Uganda, na baadaye akafundisha uchumi huko huko. Mwaka 1965 kilitoka kitabu chake cha utafiti kuhusu soko la pamoja na maendeleo ya Afrika Mashariki. Katika soko hilo, Kenya ndiyo iliyokuwa na viwanda vingi na ndiyo iliyowauzia jirani zake zaidi. Mkenya angeweza kunyamaza na kufurahia. Ndegwa aliichambua biashara hiyo kwa tarakimu, akachunguza jinsi faida ilivyogawanyika baina ya nchi hizo. Jumuiya iliyoundwa mwaka 1967 ilivunjika mwaka 1977, na mzozo juu ya mgao huo ulikuwa miongoni mwa sababu.

Serikali nayo ilimhitaji. Alikuwa katibu wa wizara, kisha Gavana wa Benki Kuu kuanzia 1982 hadi 1988. Mwaka huo wa 1982 aliongoza jopo lililochunguza matumizi ya fedha za umma. Mwaka uliofuata ulianzishwa mpango wa kuzifanya wilaya, Embu na Meru zikiwamo, kuwa vitovu vya kupangia maendeleo. Hata hivyo kalamu hakuiweka chini: mwaka 1985 alishirikiana na wasomi Leopold Mureithi na Reginald Green kuhariri kitabu kuhusu njia za maendeleo ya Afrika. Alifariki mwaka 1996.

Nakiri kwamba mimi mwenyewe sikumfuata kila mara. Mwaka mmoja mwanafunzi aliniuliza kwa nini baba yake, mkulima wa kahawa, hulipwa mwisho na hupata kidogo kuliko wote wanaoigusa kahawa ile. Nilimjibu kwamba hayo hayamo katika silabasi. Alikaa, na hakuuliza tena hadi alipomaliza masomo. Jibu hilo linanisuta hadi leo, kwa maana swali lake lilikuwa lile lile la Ndegwa: faida inamwendea nani?

Leo tuna vyuo vikuu Embu, Chuka na Meru, wala kijana halazimiki kwenda Kampala. Walimu wenzangu, swali kama hilo likizuka darasani, tusilizime. Tumtume mwanafunzi kiwandani na daftari, aandike bei na malipo katika kila hatua, kisha atusomee alichokipata, hata kama kitatuudhi sisi wenyeji.