John Hughes: Kalamu iliyowapa vijana sauti

BINTI ambaye familia yake imesahau kuwa anatimiza miaka 16. Mwanafunzi anayetoroka shule ili akatembee Chicago. Wote hao walitoka katika kalamu ya mtu mmoja, marehemu John Hughes.

Hughes alizaliwa Februari 18, 1950, mjini Lansing, Marekani, na ujana wake aliupitisha Northbrook, kitongoji cha Chicago. Aliacha chuo kikuu, akaandika matangazo ya biashara, kisha akajiunga na jarida la vichekesho la National Lampoon.

Mwaka 1984 aliongoza filamu yake ya kwanza, Sixteen Candles. Mwaka uliofuata ilitoka The Breakfast Club, kisa cha wanafunzi watano wanaotumikia adhabu katika maktaba ya shule siku ya Jumamosi. Iligharimu takriban dola milioni moja, ikaingiza zaidi ya milioni 45.

Miswada ya aina hii ni hazina kwa wanaochambua maandishi kwa kompyuta. Kwa kuwa jina la msemaji hutangulia maneno yake, programu huweza kutenganisha kauli za kila mhusika, kuzihesabu, na kulinganisha za wavulana na za wasichana.

Hata hivyo, hesabu ina mipaka yake. Allison wa The Breakfast Club husema machache mno mwanzoni, lakini ukimya wake hausahauliki. Nao mwisho wa Pretty in Pink ya mwaka 1986 ulibadilishwa baada ya watazamaji wa majaribio kuukataa; anayehesabu mswada wa awali pekee huchambua filamu ambayo umma haukuiona.

Mwaka 2018, Molly Ringwald, nyota wa filamu tatu za Hughes, aliandika makala akihoji namna wasichana walivyotendewa ndani ya visa hivyo, huku akikiri kuwa viliwafariji vijana wengi wapweke. Idadi ya maneno huonyesha nani alipewa nafasi ya kusema. Kama alitendewa haki, hilo huamuliwa na msomaji.

Hughes aliandika pia Home Alone ya mwaka 1990. Baada ya Curly Sue ya mwaka 1991 hakuongoza filamu tena, na miswada kadhaa aliitoa kwa jina la bandia, Edmond Dantès.

Alifariki dunia kwa mshtuko wa moyo Agosti 6, 2009, akitembea jijini New York. Alikuwa na umri wa miaka 59.