MOHAMED AMIN, MTU WA KAMERA

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Huyu ninayetaka kuwasimulia, daftari lake lilikuwa kamera.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka wa 1943, akalelewa Tanganyika. Mwaka wa 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni yake ya picha, Camerapix, huko Dar es Salaam.

Sisi wa Migori na Homa Bay tuna sababu ya kumkumbuka. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipigwa risasi Nairobi. Amin alifika upesi na kamera yake. Mboya amezikwa kisiwani Rusinga, nasi tuliozaliwa baadaye tunaiona siku ile chungu kwa sababu filamu ilitunzwa.

Filamu ya wakati huo haikubanwa. Kila sekunde ilikula picha 24 hivi, nzima nzima. Futi 100 za filamu ziliisha kabla ya dakika 3, tena lazima isafishwe kwa dawa kwanza. Si mchezo!

Mnamo Oktoba 1984, picha zake za njaa ya Korem, Ethiopia, zilionyeshwa na BBC, dunia ikaamka kutoa msaada. Mwaka wa 1991 mlipuko wa Addis Ababa ukamkata mkono wa kushoto. Wengine wangeacha kazi. Yeye wapi! Alivaa mkono bandia akarudi kupiga picha.

Mwaka wa 1995 zikaja kamera za kanda ya dijitali, DV. Hizi hugeuza picha kuwa tarakimu, huigawa katika vijisanduku vya nukta 8 kwa 8, kisha hutupa yale madogo ambayo jicho haliyatambui. Picha hupungua mara 5 hivi. Sauti huachwa bila kubanwa. Kumbe kijikanda cha kutoshea kiganjani hubeba saa 1, gigabaiti 13 hivi!

Amin hakuzifaidi sana. Tarehe 23 Novemba 1996 alifariki ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Leo simu zetu hubana picha kuliko DV. Lakini mashine haijipeleki Korem, wala haijui kipi kisipotee. Wazee wetu wanaondoka na masimulizi yao. Basi wenzangu, tuwarekodi, tuandike majina na tarehe, tena tuweke nakala 2. Tusingoje kesho.