John Bunyan, Mziba Sufuria

Wengi wetu tulijifunza mema na mabaya kwa hadithi kabla ya kujua kusoma. Toleo hili tunawaletea maisha ya mtu aliyefundisha kwa njia hiyo.

John Bunyan alizaliwa mwaka 1628 kijijini Elstow, Uingereza. Kazi yake, kama ya baba yake, ilikuwa kuziba sufuria zilizotoboka. Mwaka 1660 alikamatwa kwa kuhubiri nje ya kanisa la serikali. Angeahidi kuacha kuhubiri, angefunguliwa. Alikataa, ingawa nyumbani alikuwa na mke na watoto wanne, na binti yake Mary alikuwa kipofu. Gerezani alitengeneza kamba za viatu ziuzwe, wapate kula. Alifungwa miaka 12.

Mwaka 1678 hadithi yake, Safari ya Msafiri, ilichapishwa. Mkristo anauacha mji wake na mzigo mgongoni. Anazama topeni, msalabani mzigo unaanguka, baadaye anafungwa na jitu Kukata Tamaa. Ndipo anakumbuka kwamba ufunguo anao kifuani siku zote, nao unaitwa Ahadi. Sisi tulioacha makwetu na mizigo kichwani tunaielewa bila mkalimani.

Mwaka 1688 Bunyan alikwenda Reading kupatanisha baba na mwanawe. Akielekea London alinyeshewa, akaugua, akafa. Alilolifundisha alilitenda.

Wazazi, jioni tuwasimulie watoto. Hadithi haidai kitabu wala taa.