Ned Irish: Aliyekusanya umati usio na kwao

Kwa zaidi ya mwongo mmoja baada ya mwaka 2007, wasimamizi wa mpira wa vikapu wa vyuo vikuu nchini Marekani walishuhudia wastani wa watazamaji wao ukipungua takriban kila msimu. Viti vilivyokuwa vikigombaniwa vilibaki vitupu, hata vile walivyotengewa wanafunzi wenyewe. Waliotakiwa kueleza kisa na maana walitoa sababu chungu nzima: runinga inayoonyesha kila mechi, simu za mkononi, bei ya tiketi, na vijana wa siku hizi wasioweza kutulia mahali pamoja kwa saa mbili. Mimi siamini kwamba maradhi haya yalianza juzi. Mwenye kutaka kujua asili yake hana budi kurudi hadi miaka ya 1930, mjini New York, na kuyatazama maisha ya bwana mmoja ambaye huko kwao ni mashuhuri mno katika historia ya mchezo huo, ijapokuwa huku kwetu wachache wanamkumbuka. Bwana huyo ni Ned Irish.

Edward Simmons Irish alizaliwa mwaka 1905 katika kijiji cha Lake George, kaskazini mwa jimbo la New York, akakulia Brooklyn. Alisoma katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania na kuhitimu mwaka 1928. Tangu ujanani alikuwa akiandikia magazeti habari za michezo, na baada ya masomo akaajiriwa katika gazeti lililokuja kuitwa New York World-Telegram. Hakuwa mchezaji wa kutajika, wala hakuwahi kuwa mkufunzi. Kipaji chake kilikuwa kingine kabisa: alijua kuhesabu watu waliokosa nafasi ya kuingia.

Siku hizo vyuo vya New York vilicheza katika kumbi zao ndogo za mazoezi, ambamo watazamaji walibanana kama dagaa mkebeni. Waliofika walikuwa wanafunzi, ndugu zao, wahitimu wa zamani na majirani wa mtaa. Kuna hadithi isiyokosa kusimuliwa kila Irish anapotajwa. Inasemekana kwamba alitumwa kuripoti mechi katika Chuo cha Manhattan, akakuta mlango umezibwa na watu, akaamua kupenya dirishani na kuichana suruali yake nzuri. Wapo wanaoshuku iwapo jambo hilo lilitukia kweli. Hata kama ni ngano, inamweleza Irish vyema. Mwingine angeshona suruali yake na kusahau, lakini yeye alijiuliza ni fedha kiasi gani zilizorudi nyumbani mifukoni mwa wale walioachwa nje.

Bahati yake ilitokana na balaa la wengine. Mdororo mkuu wa uchumi ulioanza mwaka 1929 uliwaacha maelfu ya watu wa New York bila kazi, na Meya Jimmy Walker akawaomba waandishi wa michezo wasaidie kuchangisha fedha za kuwakimu. Mnamo Januari 1931, timu sita za vyuo vya mji huo zilicheza mechi tatu kwa usiku mmoja katika ukumbi wa Madison Square Garden, ambao wakati huo ulikuwa katika barabara ya Eighth Avenue na ulizoea mapigano ya ndondi na mpira wa magongo wa barafuni. Zaidi ya watu 15,000 walimiminika. Wengi waliona kitendo cha hisani, ilhali Irish aliona soko.

Akamwendea John Reed Kilpatrick, rais wa Garden, akiwa na pendekezo la kukodi ukumbi kwa usiku kadhaa na ahadi kwamba wenyewe hawatapata hasara. Tarehe 29 Desemba 1934 jaribio lake la kwanza likafanyika: mechi mbili kwa tiketi moja. Westminster ya Pennsylvania iliishinda St. John's kwa 37–33, kisha Chuo Kikuu cha New York kikaibwaga Notre Dame kwa 25–18. Waliohudhuria walipita 16,000. Msimu huo wa kwanza ulipokwisha, mechi zake zilikuwa zimetazamwa na karibu watu 100,000. Irish aliacha kazi ya gazeti. Kipato cha mwandishi hakingeweza tena kumshika.

Tusimnyime haki yake. Kabla ya Irish, mpira wa vikapu wa vyuo ulikuwa mchezo wa vijiji vingi visivyojuana. Yeye ndiye aliyezileta New York timu za magharibi na za kusini, na mashabiki wakaona mambo ambayo hawakuyadhania. Mnamo Desemba 1936 kijana Hank Luisetti wa Stanford alitua Garden akirusha mpira kwa mkono mmoja, mtindo uliodharauliwa na wakufunzi wa mashariki waliofundisha kurusha kwa mikono miwili. Chuo Kikuu cha Long Island kilikuwa kimeshinda mechi 43 mfululizo, na Stanford ikakifunga 45–31. Baada ya usiku ule vijana wengi nchini walianza kumwiga Luisetti. Mashindano ya mwaliko yaitwayo NIT yalianzishwa papo hapo Garden mwaka 1938, na kwa miaka mingi yaliheshimiwa kuliko hata yale ya chama cha vyuo, NCAA, yaliyoanza mwaka uliofuata.

Ila ni nani waliokuwa wakiketi katika viti vile 18,000? Hapa ndipo penye kiini cha shauri langu. Chuo kinapocheza nyumbani kwake, mtazamaji huja kwa sababu chuo ni chake. Garden haikuwa nyumbani kwa chuo chochote. Kwa kila mwanafunzi aliyevaa rangi za timu yake, kulikuwa na watu wengi waliotoka kazini kwenda kujiburudisha, na miongoni mwao wacheza kamari waliozidi kuongezeka kila mwaka. Kufikia miaka ya 1940 ulikuwa umeenea mtindo wa kuweka dau si juu ya nani atashinda, bali juu ya tofauti ya alama kati ya timu mbili. Matokeo yake yalikuwa ya ajabu. Mechi ingekuwa imekwisha amuliwa, timu moja ikiongoza kwa alama kumi, na mara kikapu kisicho na maana katika sekunde za mwisho kingelipua vifijo na matusi ukumbi mzima. Mgeni asiyejua hesabu ya kamari angedhani watu wale wamerukwa na akili. Sisi ambao tumewaona vijana wetu wakiishangilia klabu ya ng'ambo wasiyoijua, kwa sababu tu imo katika mkeka wao wa kamari, hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi.

Onyo lilitolewa mapema. Mwaka 1944 Phog Allen, mkufunzi wa Chuo Kikuu cha Kansas, alitangaza hadharani kwamba wacheza kamari wangeuletea mchezo huo aibu kubwa. Mjini New York alibezwa kama mzee wa mashambani mwenye kijicho. Miezi michache tu baadaye, Januari 1945, wachezaji watano wa Chuo cha Brooklyn walikiri kupokea hongo ili wapoteze mechi. Walifukuzwa, magazeti yakapiga kelele kwa muda, na tiketi za Garden zikaendelea kuuzwa.

Kilele kilifika mwaka 1950. Chuo cha Jiji la New York, CCNY, kilikuwa chuo cha umma kisichotoza karo, kimbilio la watoto wa wahamiaji na wa maskini. Timu yake ya Wayahudi na Waafrika-Wamarekani, chini ya mkufunzi Nat Holman, iliifunga Bradley katika fainali ya NIT na kisha katika fainali ya NCAA, zote zikichezwa Garden, zote katika msimu mmoja. Hakuna chuo kilichowahi kufanya hivyo kabla yake wala baada yake. Pengine huo ndio wakati pekee ambapo Garden ilijaa watu waliokuwa na haki ya kusema kwamba timu ile ni yao.

Furaha hiyo haikudumu mwaka mzima. Mnamo Januari 1951 Junius Kellogg, mchezaji wa kwanza mweusi wa Chuo cha Manhattan, aliahidiwa dola 1,000 ili timu yake isishinde kwa alama nyingi. Akakataa na kumwarifu mkufunzi wake. Uchunguzi wa kiongozi wa mashtaka Frank Hogan ukafumua uzi mmoja baada ya mwingine. Februari mwaka huo, wachezaji wa CCNY waliporejea kwa gari moshi kutoka Philadelphia, walikokuwa wameishinda Temple, makachero walikuwa wakiwangoja. Baadhi yao walitiwa mbaroni katika kituo cha Pennsylvania. Hatimaye kesi hiyo iligusa wachezaji zaidi ya 30 wa vyuo saba, si vya New York pekee, na mechi 86 zilizochezwa kati ya 1947 na 1950.

Irish hakushtakiwa kwa lolote, na hakuna aliyethibitisha kwamba alijua. Lakini ni haki kuuliza kwa nini vijana wale walikuwa rahisi kununuliwa. Kila usiku waliuona ukumbi uliojaa, wakajua kwamba fedha za mlangoni zinaenda kwa mwenye ukumbi na kwa vyuo, huku wao wakirudi nyumbani na nauli tu. Anayewaita walafi na asahau kidogo kuwaita hivyo waliokuwa wakihesabu tiketi.

Sasa tazama yaliyofuata. Watazamaji wa mechi za vyuo Garden walipungua vibaya. CCNY ilizuiwa kucheza huko, ikarudi katika ukumbi wake mdogo na kushuka hadi ngazi za chini, iliko hata leo. Long Island waliufuta mchezo huo kabisa hadi mwaka 1957. Fainali ya NCAA haijarudi Garden tangu 1950. Ule umati wa maelfu uliodhaniwa kuwa utajiri wa mpira wa vyuo ulitawanyika kama vumbi, na haukuwa na pa kurudi kwa sababu haukuwa na kwao.

Linganisha na Kentucky. Wachezaji wake nao walipatikana na hatia ile ile, na chuo kikafungiwa msimu mzima wa 1952/53. Huko Lexington chuo kilikuwa kimejenga ukumbi wake mkubwa, Memorial Coliseum, uliofunguliwa mwaka 1950. Adhabu ilipokwisha watu wa Kentucky walirudi vitini mwao, na timu ikashinda mechi zote 25 za msimu wa 1953/54. Kosa lilikuwa moja, ila mashabiki walikuwa wa namna mbili. Naye mzee Allen aliyebezwa alitunukiwa heshima ya jina lake kupewa ukumbi wa Kansas mwaka 1955, uliokuwa wakati huo na nafasi ya watu wapatao 17,000 katika mji mdogo wa Lawrence. Ukumbi huo hujaa hadi leo.

Irish hakulia juu ya magofu. Alikwisha kujiwekea akiba kwingine. Mwaka 1946 alikuwa miongoni mwa walioanzisha ligi ya kulipwa iliyokuja kuwa NBA, naye akaunda timu ya Knicks. Mwanzoni timu hiyo ilicheza mechi zake nyingi za nyumbani katika kambi ya kijeshi ya mjini, kwa sababu Garden ilikuwa imekodiwa na vyuo, sarakasi na michezo mingine. Vyuo vilipoondoka kwa fedheha, Knicks wakapata nafasi. Kadiri miaka ilivyosonga, wakazi wa New York waliipenda timu hiyo kwa dhati, wakavumilia misimu mibovu mingi, na wakalipwa kwa ubingwa wa 1970 na 1973. Irish, aliyejulikana kwa ukimya na ukali katika biashara kuliko kwa urafiki, aliingizwa katika Jumba la Mashujaa wa mpira wa vikapu mwaka 1964 na kustaafu mwaka 1974. Alifariki dunia Januari 1982 katika jimbo la Florida.

Wanaosimamia vyuo leo wanarudia hesabu zake bila hata kumtaja. Ratiba hupangwa ili kuiridhisha runinga, na mwanafunzi mwenye mtihani asubuhi huitwa uwanjani usiku wa manane. Mwaka 2024 chuo cha UCLA cha Los Angeles kilijiunga na ligi ambayo wapinzani wake wako hadi New Jersey, upande wa pili wa bara, mahali ambapo hakuna shabiki wa kawaida awezaye kusafiri kila mara. Tangu 2021 mchezaji anaruhusiwa kuhama chuo bila kukaa nje msimu mmoja, na pia kulipwa kwa matumizi ya jina lake. Malipo hayo mimi nayaunga mkono. Yangekuwepo 1950, huenda wengi wangenusurika. Lakini shabiki anayekuta sura mpya kila Novemba anahitaji kupewa sababu nyingine ya kuja. Kamari nayo, iliyofunguliwa kwa majimbo yote na Mahakama ya Juu mwaka 2018, imerudi kwa nguvu, na mwaka 2025 NCAA iliwafungia wachezaji kadhaa kwa kuchezea kamari mechi zao wenyewe.

Garden ya sasa, iliyofunguliwa mwaka 1968, imejengwa juu ya kituo kile kile cha Pennsylvania walikokamatiwa vijana wa CCNY. Kila Machi tangu 1983, mwaka mmoja baada ya kifo cha Irish, ligi iitwayo Big East huchezea hapo mashindano yake, na treni zinazoingia chini ya ukumbi hushusha watu wa St. John's, wa Villanova na wa Connecticut, kila kundi na rangi zake, wakipanda ngazi wakiimba.